Mimbari na Mlolongo: Kanisa katika Siasa za Kenya

Jumanne, 14 Agosti 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Kianglikana ya Eldoret alisafiri kwenda Busia. Siku chache kabla, Waziri wa Kazi, Peter Okondo, alikuwa amemwonya hadharani kwamba akithubutu kukanyaga Busia ataona moto, na huenda asitoke huko akiwa hai. Muge alijibu kwamba atakwenda. Alikwenda, akahubiri, umati ukamshangilia. Njiani akirudi, eneo la Kipkaren, gari lake likagongana na lori, naye akafa. Okondo alijiuzulu siku hizo hizo, na hadi leo wako Wakenya wengi wasiokubali kwamba ile ilikuwa ajali kama ajali nyingine.

Muge hakuwahi kugombea kiti chochote. Kabla ya kuvaa joho alikuwa askari wa kikosi cha polisi cha GSU. Mimbarini alisema habari za njaa iliyowaua watu Pokot Magharibi, za mashamba yaliyonyakuliwa na za wakubwa waliotumia vyeo vyao kujitajirisha. Kwa serikali ya siku hizo, yote hayo yalikuwa siasa, na askofu alitakiwa abaki na Biblia yake.

Kauli ya kwamba kanisa lisiingilie siasa ilirudiwa sana katika miaka hiyo, mara nyingi na watu ambao siku iliyotangulia walikuwa wamekaa kiti cha mbele kanisani, mbele ya kamera. Lakini ukifuata historia ya Kenya tangu enzi za ukoloni, huoni wakati ambao kanisa lilikuwa nje ya siasa. Kilichobadilika kila zama ni mambo mawili: lilikuwa likimsemea nani, na nani alikuwa akiligharamia.

Wamishonari barazani

Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilitaka mtu wa kutetea maslahi ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria. Haikumteua Mwafrika. Ilimteua Dkt. John Arthur, mmishonari wa Kanisa la Scotland aliyekuwa na kituo Thogoto. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika baraza hilo mwaka 1944. Kwa miaka 20, basi, madai ya wenyeji yalifika serikalini kwa kiasi kikubwa kupitia vinywa vya wamishonari, ambao waliamua lipi lisemwe na lipi linyamaziwe.

Magharibi mwa nchi, jambo hilo lilionekana wazi zaidi. Mwaka 1921 vijana waliosoma katika shule za misheni waliunda Young Kavirondo Association kupinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Wenyeji waliiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Miaka miwili baadaye Arkidikoni Walter Owen wa misheni ya Kianglikana alikishika chama hicho na kukigeuza kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi. Mikutano mikubwa ya hadhara ikawa barua za maombi, na wanachama wakahimizwa kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Owen huyo huyo, hata hivyo, aliandika barua kali magazetini kupinga kazi za kulazimishwa, hata walowezi wakamchukia na kumpachika majina. Mtu mmoja aliwapunguzia watu wake makali, na papo hapo akawa mwiba kwa waliowatawala.

Mwaka 1929 uhusiano kati ya wamishonari na wenyeji ulivunjika katika nchi ya Wakikuyu. Misheni kadhaa, ya Dkt. Arthur ikiwa mbele, ziliwataka waumini kutia sahihi au alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wanakataa ukeketaji wa wasichana, na pia kwamba hawaungi mkono chama cha Kikuyu Central Association. Kuyafunga mambo hayo mawili katika karatasi moja kuliwafanya watu waone kwamba wanaombwa kuukana umoja wao wa kisiasa pamoja na mila zao. Makanisa yalipoteza waumini kwa maelfu, na madarasa yakabaki matupu.

Waliotoka hawakuacha Ukristo. Walijenga makanisa yao na shule zao, chini ya Kikuyu Independent Schools Association na kundi jingine la shule huru, Karing'a. Walipokosa makasisi wa kuwabatizia watoto, walimwita Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, ambaye alifika mwaka 1935 na kuanza kuwafundisha na kuwabariki makasisi. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri, ambacho baadaye kiliongozwa na Jomo Kenyatta. Hapo sadaka za wakulima wadogo zilijenga taasisi zisizokuwa na mfadhili mzungu, na serikali ilielewa uzito wa jambo hilo: hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, shule hizo zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa.

Vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni vilipita katikati ya madhabahu. Wapiganaji walitunga nyimbo zao kwa sauti za tenzi walizojifunza misheni. Wakati huo huo, Wakristo wa vuguvugu la Uamsho waliokataa kula kiapo, na waliokataa pia kubeba bunduki za serikali, waliuawa wengi. Mjini Murang'a kuna kanisa lililojengwa kwa kumbukumbu yao. Ndani yake mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora katika miaka ya mwisho ya 1950 picha kubwa tano za ukutani zenye Yesu Mwafrika anayezaliwa, anayebatizwa na anayesulubiwa katika mandhari ya vilima vya Murang'a. Mtu anayeingia humo anaona mara moja kwamba ukoloni wa dini ulikuwa umefika mwisho wake hata kabla ya bendera kushushwa.

Lengo na kiapo

Baada ya uhuru, viongozi wapya wa makanisa na viongozi wapya wa nchi walikuwa watu waliosoma madawati mamoja. Wote walitoka shule za misheni, wote walizungumza lugha ya ujenzi wa taifa, na baraza la makanisa, ambalo sasa linajulikana kama NCCK, lilishiriki katika miradi ya makazi, ya vijana na ya elimu ya watu wazima. Lakini baraza hilo lilikuwa pia na magazeti mawili: Target kwa Kiingereza na Lengo kwa Kiswahili.

Mhariri wa kwanza Mwafrika wa Target alikuwa kasisi kijana, Henry Okullu, aliyesomea uchungaji Mukono, Uganda, na kujifunza uandishi huko huko. Mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa waziri Tom Mboya tarehe 5 Julai, maelfu ya Wakikuyu walipelekwa Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, kulishwa kiapo cha kulinda utawala usitoke mikononi mwa kabila lao. Waumini waliokataa walipigwa, na kuna waliouawa. Viongozi wa makanisa walipinga waziwazi, magazeti ya kanisa yakaandika, na kiapo kikakomeshwa. Lilikuwa pambano la kwanza la wazi kati ya kanisa na dola ya Kenya huru, na kanisa halikushindwa.

Okullu alikuwa askofu wa Maseno Kusini kuanzia 1974, mwaka ambao pia alichapisha kitabu kuhusu kanisa na siasa za Afrika Mashariki. Miaka mitatu baadaye, Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa na utawala wa Idi Amin. Kwa mtu kama Okullu, aliyeyajua makanisa ya Uganda kwa karibu, hilo halikuwa jambo la kusoma gazetini tu.

Mlolongo

Daniel arap Moi, aliyeshika urais mwaka 1978, alikuwa mwana wa Africa Inland Church na mtu wa kanisani kila Jumapili. Taarifa ya habari ya redio na televisheni ilianza na ibada aliyohudhuria. Mchungaji wa mahali alimkaribisha, rais akasalimu waumini, na mara nyingi harambee ikafuata: mabati, saruji, fedha za ukumbi. Makanisa mengi ya vijijini yana paa kwa sababu ya siku kama hizo. Shukrani hiyo ilikuwa ya kweli, na ilifunga vinywa vingi.

Mwaka 1986 chama tawala cha KANU kiliamua kwamba katika mchujo wa wagombea, kura ya siri iachwe. Wapiga kura wangepanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake na kuhesabiwa. Watu wakauita mlolongo. Anayepata asilimia 70 au zaidi angehesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, asirudi tena kwenye kura ya siri.

Wa kwanza kulikataa jambo hilo kwa sauti kubwa walikuwa wachungaji, na sababu yao ilikuwa ya kichungaji kabisa. Kasisi anayesimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya kijiji kizima, kesho yake atamzikaje mtu wa mgombea wa pili? Atampatanishaje mume aliyepanga foleni hii na mke aliyepanga ile? Agosti 1986, mkutano wa NCCK uliowakutanisha wachungaji zaidi ya 1,000 katika Chuo Kikuu cha Kenyatta ulitoa tamko la kupinga mlolongo. Serikali ilighadhibika. Africa Inland Church, kanisa la rais, ilijitoa katika NCCK. Serikali baadaye ilikubali kwamba viongozi wa dini na baadhi ya watumishi wa umma hawatalazimika kupanga foleni, lakini foleni yenyewe ikabaki.

Ilitumika katika mchujo wa Februari 1988. Watu walioshuhudia kwa macho yao milolongo mifupi ikitangazwa kuwa mirefu walirudi nyumbani bila karatasi ya kuhesabu tena, kwa sababu hapakuwa na karatasi. Jarida la Beyond, lililotolewa na NCCK, lilikusanya ushahidi wa wizi huo na kuuchapisha. Mwezi Machi likapigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo kwa kosa la kutowasilisha hesabu za mauzo.

Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki alikuwa na njia yake. Alichukua kisa cha Biblia, akakieleza mstari kwa mstari, akawaachia wasikilizaji wajionee wenyewe. Mwaka 1987 alihubiri juu ya Danieli na amri ya mfalme iliyopitishwa haraka kwa hila za washauri, bila mtu kuipima. Hakuhitaji kutaja KANU. Aprili 1989 watu wenye silaha walivamia nyumba yake usiku. Gitari alipanda juu ya paa akapiga kelele za kuomba msaada mpaka majirani wakaja, na wavamizi wakatoweka.

Siku ya Mwaka Mpya 1990, katika Kanisa la St. Andrew's Nairobi, Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian (PCEA) aliwauliza waumini kama serikali za chama kimoja Afrika zina maisha marefu kuliko zile zilizoanguka Ulaya Mashariki miezi michache iliyotangulia. Mawaziri walimjia juu. Okullu naye akatokeza kudai vyama vingi na kikomo cha mihula ya rais. Mwezi Mei wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai hayo hayo. Wakakamatwa siku chache kabla ya mkutano wa Saba Saba, 7 Julai. Mwezi mmoja na wiki moja baadaye, Muge akafa.

KANU ilikuwa tayari imeunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti kuzunguka nchi kukusanya maoni. Viongozi wa makanisa walifika mbele yake, na wananchi wa kawaida wakasema mambo ambayo kwa miaka hayakuwa yamesemwa hadharani. Desemba 1990, wajumbe wa chama walikutana Kasarani na kufuta mlolongo pamoja na ile kanuni ya asilimia 70. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, Kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikafutwa.

Kanisa kama kimbilio

Vyama vingi vilikuja na moto. Katika Bonde la Ufa, watu walianza kufukuzwa na kuuawa kwa sababu ya kabila na kura wanayodhaniwa kuipiga. Maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa kichungaji mwezi Machi 1992 wakiihusisha serikali na ghasia hizo. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, askofu wa Nakuru tangu 1971, aliwafungulia waliokimbia viwanja vya kanisa, akawatafutia chakula, na kuwataja hadharani wale aliowaona wana hatia.

Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alikaa na waliofukuzwa katika kambi ya Maela. Mwaka 1999 alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, na kuwataja wakubwa kwa majina. Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, ukiwa na jeraha la risasi kichwani. Wachunguzi wa Marekani walisema alijiua. Uchunguzi wa mahakama ya Nairobi mwaka 2007 ulisema aliuawa.

Mjini Nairobi, Kanisa Kuu la All Saints liliwapokea akina mama wa wafungwa wa kisiasa walioanza mgomo wa kula Uhuru Park mapema mwaka 1992 wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai. Baada ya polisi kuwatawanya kwa virungu, mama hao walihamia chini ya kanisa na kukaa humo karibu mwaka mzima. Tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia katika kanisa hilo hilo wakati wa maombi na kumpiga Njoya mpaka damu. Gitari, ambaye mwaka huo alikuwa amekuwa askofu mkuu, aliongoza ibada ya kulitakasa. Katika ibada hiyo Wakenya waliona kitu ambacho hotuba za upinzani hazikuwa zimeweza kuwaonyesha.

Desemba 1999, wanasiasa waliposhindwa kukubaliana juu ya katiba mpya, viongozi wa dini walianzisha mchakato wao katika jumba la Ufungamano. Wakristo hawakuwa peke yao. Waislamu na Wahindu walikaa meza moja nao. Mchakato huo uliunganishwa mwaka 2001 na tume ya serikali iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai.

Maaskofu wakanyamaza

KANU ilipoondoka madarakani Desemba 2002, watu waliokuwa wakihubiri pamoja, wakikimbia mabomu ya machozi pamoja, waliiona serikali mpya kama yao. Hapo ndipo kanisa lilipojikwaa vibaya kuliko wakati wowote wa Moi. Maaskofu walianza kusikika kama wazee wa jamii zao. Mchungaji Mutava Musyimi, aliyekuwa katibu mkuu wa NCCK na mmoja wa nguzo za Ufungamano, aliingia bungeni katika uchaguzi wa 2007 kama mbunge wa Gachoka.

Uchaguzi huo uliisha kwa damu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa nje ya Eldoret lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliodhani kwamba hakuna atakayewagusa humo. Katika nchi ambayo kanisa lilikuwa kimbilio miaka 15 iliyotangulia, mlango wa kanisa haukumzuia mtu.

Februari mwaka huo viongozi wa NCCK walikiri kwamba walishindwa kuyakabili mambo yaliyoleta ghasia kwa sababu wao wenyewe walikuwa na upande. Ni ungamo la nadra sana katika siasa za Kenya, na liliwagharimu. Mwaka 2010 makanisa mengi yalipoipinga rasimu ya katiba kwa sababu ya kipengele cha uavyaji mimba na mahakama za kadhi, zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura, wengi wao Wakristo, waliipitisha bila kuyasikiliza.

Bahasha

Kilichobaki kikiendelea muda wote huo ni harambee ya Jumapili. Ukumbi wa Moi ukawa wa marais waliomfuata, wa Kibaki, wa Uhuru, wa Ruto, noti zikaongezeka. Makanisa mapya ya mijini, yasiyo na dayosisi wala sinodi, yaliiona ziara ya mwanasiasa kama baraka, na makanisa ya zamani hayakuwa nyuma.

Tarehe 12 Septemba 2021, Rose Okeno aliwekwa wakfu Butere, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi ya Kianglikana nchini Kenya. Vigogo wa siasa walikuwa wamejipanga mbele. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakaribisha kuabudu, akakataa kuwapa maikrofoni. Maaskofu Wakatoliki nao wakatoa agizo kama hilo kwa parokia zao. Wengi walidhani ni joto la msimu wa uchaguzi, na katika makanisa mengi mengine mambo yaliendelea kama kawaida.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana waliojitokeza barabarani kupinga Mswada wa Fedha hawakuwakasirikia wabunge peke yao. Waliwakemea pia wachungaji waliopokea bahasha na kuyafumbia macho mateso ya waumini wao. Kizazi ambacho hakikumjua Muge kilikuwa kinauliza swali lake. Mwezi Julai Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee.

Tarehe 14 Novemba 2024, maaskofu Wakatoliki walitoa tamko kali dhidi ya serikali kuhusu kodi, utekaji nyara na ahadi zisizotimizwa. Siku tatu baadaye, Jumapili, rais alihudhuria misa katika kanisa la Soweto, Kayole, akatoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa parokia, na milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadre, akaahidi nyingine milioni 3 na basi. Jumatatu yake, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatoa taarifa: fedha alizotoa rais, milioni 2.6, zirudishwe kwake, na ahadi zilizobaki zisipokelewe. Kayole ni mtaa wa watu wa kipato kidogo. Nyumba ya mapadre sasa ingejengwa, kama ingejengwa, kwa sadaka zao wenyewe, kama walivyofanya wakulima wa Githunguri mwaka 1939.